Naanza kazi kituo cha ziara za watoto zenye usimamizi: makabidhiano, kumbukumbu na mtoto anayekataa

Nuru_K

Habari za kazi wakuu. Nimeajiriwa kuwa msimamizi wa ziara kwenye kituo ambako watoto wa wazazi waliotengana hukutana na mzazi wasiyeishi naye. Naanza baada ya wiki 2. Kanuni za kituo nimezisoma, na mfano wa amri ya mahakama nimeonyeshwa. Vyote vinaeleza nini hakiruhusiwi, ila havielezi kazi yenyewe inavyokwenda dakika kwa dakika. Naomba msaada kwa haya:

Makabidhiano: wazazi hawatakiwi kukutana hata mlangoni. Nani anafika lini, nani anaondoka lini, na ni wapi mambo huharibika?

Kumbukumbu: niandike kiasi gani, na maneno gani hayafai?

Chumbani: nikae wapi, niingilie lini? Sitaki kuwa ukuta kati ya mtoto na mzazi wake, na sitaki jambo linipite.

Na mtoto akikataa kuingia, nifanye nini?

Ziara zetu ni za saa 1 hadi 2, watoto wa miaka 2 hadi 11, kila familia na msimamizi wake. Nitamwita "mzazi mlezi" yule anayeishi na mtoto, na "mzazi wa ziara" yule anayekuja kumwona.

---

Bawabu wa Ndani

Karibu kazini Nuru. Nitajibu la makabidhiano tu, wengine watakuja na mengine. Hapo ndipo ziara nyingi huharibika kabla mtoto hajagusa hata kitu kimoja cha kuchezea.

Siku moja kabla, mzazi wa ziara apigiwe simu athibitishe. Asipothibitisha, mzazi mlezi aarifiwe asianze safari. Siku yenyewe mzazi wa ziara anafika dakika 15 kabla ya saa ya ziara, kwa mlango wake. Anasaini, mkoba unafunguliwa mbele yake, simu inawekwa pale kanuni zinapotaka, kisha anaingia chumba cha ziara na kuketi. Ukishamwona kwa macho yako ameketi, na hujaona dalili ya mfadhaiko wala kilevi kwake, ndipo mlango wa pili unapokea mtoto. Mpangilio huu una sababu moja kubwa: mtoto asikae kumsubiri mtu ambaye hatakuja.

Asipofika, vituo vingi husubiri dakika 15 kisha hufuta ziara. Mtoto aambiwe ukweli kwa ufupi: "Baba hajafika leo, kwa hiyo ziara haitakuwepo. Wewe hujakosea kitu." Usimtungie sababu kwamba baba ana kazi nyingi au gari limeharibika. Wiki ijayo atamuuliza baba habari za gari.

Mzazi mlezi akifika, muulize mambo 4 na uandike majibu: mtoto amekula saa ngapi, amelala vipi, kuna dawa au mzio wowote, na kuna alama yoyote mwilini leo. Hilo la mwisho watu huliona la aibu wakaliruka. Usiliruke. Mchubuko wa goti uliopatikana shuleni jana, usipoandikwa mlangoni wakati wa kuingia, jioni unaweza kugeuka tuhuma kwamba umetokea kwenye ziara. Andika mahali ulipo, ukubwa wake kwa sentimita za kukadiria, rangi, na maneno aliyosema mtu kuhusu ulivyotokea. Usimvue mtoto nguo kutafuta alama. Andika kinachoonekana tu. Fanya hivyo hivyo wakati wa kutoka.

Kisha kuaga. Kuaga kwa mzazi mlezi kuwe kufupi na kwa uso mkavu wa machozi kadiri anavyoweza. Ukumbatio wa dakika 5 mlangoni, na maneno kama "usiogope, mama yuko hapa nje", humwambia mtoto kwamba kuna cha kuogopa. Mwelekeze mzazi mapema, siku ya usajili, aseme: "Nitakuja kukuchukua saa fulani. Cheza vizuri."

Wakati wa kutoka, mtoto na mzazi mlezi wanaondoka kwanza. Mzazi wa ziara anabaki chumbani dakika 15, ili asifuate gari wala kuona njia waliyopita.

Vitu vidogo vinavyoharibu mpango mzima:

Daftari moja la wageni kwa milango yote miwili. Mzazi mmoja anafunua ukurasa, anaona namba ya simu na saa za mwenzake. Weka daftari mbili, au karatasi moja kwa kila mtu.

Dirisha la chumba cha kusubiri linalotazama maegesho. Pazia au karatasi ya ukungu kwenye kioo inatosha.

Mtu wa kumchukua mtoto ambaye hayumo kwenye orodha. Hata kama ni shangazi, hata kama mtoto amemkimbilia kwa furaha, hamkabidhi mtoto mpaka jina liwe kwenye fomu, kitambulisho kimeonekana na mzazi mlezi amethibitisha kwa simu kupitia namba iliyo kwenye faili, si namba aliyoitoa huyo shangazi.

---

Zamu ya Jioni

Bawabu amesema vizuri, ila naomba niongeze jambo kabla Nuru hajalikariri kama sheria ya kila siku. Mpangilio wa "mzazi wa ziara afike kwanza, aondoke mwisho" unafaa pale anayeogopwa ni yeye. Kuna faili ambazo aliyepigwa au kutishiwa ndiye mzazi wa ziara, na mtoto anaishi na yule aliyemtisha. Hapo ukimweka mama abaki dakika 15 chumbani huku baba yuko nje na anajua kwamba atatoka muda si mrefu, umempangia baba miadi.

Kwenye faili za namna hiyo unageuza: mzazi mlezi analeta mtoto mapema, anaondoka kabisa eneo la kituo, mtoto anakaa na mfanyakazi, dakika 15 zikipita ndipo mzazi wa ziara anaingia. Mwishoni mzazi wa ziara anatoka kwanza, na mtoto anabaki na mfanyakazi mpaka mzazi huyo amefika mbali.

Kwa hiyo ukifungua faili mpya, swali la kwanza ni nani anamwogopa nani. Amri ya mahakama mara nyingi haisemi waziwazi. Utalipata kwenye mahojiano ya usajili, ambayo lazima yafanywe na kila mzazi peke yake na ikiwezekana siku tofauti.

---

Karani wa Faili

Dada Nuru, mimi nachukua la kumbukumbu, na nitakuwa mrefu kidogo. Karatasi unayoandika jioni inaweza kusomwa na hakimu miezi 8 baadaye, na maisha ya mtoto yakapangwa kwa kuifuata.

Kipimo changu ni hiki: wazazi wote wawili wakiisoma, kila mmoja akubali kwamba ndivyo ilivyokuwa, hata kama hapendi. Linganisha maandishi haya mawili ya tukio moja.

La kwanza: "Baba ana hasira za haraka na mtoto anamwogopa."

La pili: "15:20. Mtoto alimwaga maji mezani. Baba alisimama, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mapokezi: 'Nimekwambia mara ngapi?' Mtoto aliacha kuchora, akaenda nyuma ya kiti cha msimamizi, akakaa hapo dakika 6. 15:24. Baba aliketi sakafuni, akasema: 'Samahani, nimekutisha.' 15:26. Mtoto alirudi mezani, akaendelea kuchora karibu na Baba."

La kwanza ni hukumu, na limemeza habari ya baba kuomba radhi. La pili limeacha kila kitu mezani. Maneno kama "alichukia", "alifurahi sana", "wana uhusiano mzuri", "alijifanya analia", "alikuwa mlevi" hayafai. Andika ulichoona, ulichosikia na ulichonusa: "alinukia pombe, alishika ukuta mara 2 akitembea kutoka mlangoni hadi kitini." Na mazuri yaandikwe kwa uzito uleule. Mama aliyemkatia mtoto chakula vipande vidogo bila kuambiwa, andika. Faili yenye mabaya tu ni faili ya uongo hata kama kila sentensi yake ni kweli.

Kiasi: angalau mstari mmoja kila dakika 10 hadi 15, hata kama hakuna kipya ("15:40. Bado wanajenga mnara. Mtoto anamwelekeza Baba rangi za kuweka"). Chumbani andika maneno machache ya kukumbushia tu, maana ukiinama kuandika sentensi nzima macho yako hayapo kwa mtoto. Andika kamili ndani ya saa 1 baada ya ziara, siku hiyohiyo, kabla hujasimuliana na mwenzako. Ukikosea kata kwa mstari mmoja unaosomeka, weka herufi za jina lako kando. Usifute kwa wino mweupe. Kurasa zihesabiwe. Vikaratasi vya awali visitupwe.

Sasa mambo 3 ambayo lugha yetu yenyewe inatutegea.

Saa. Tunasema saa tisa na dakika ishirini, simu inasema 15:20. Ukiandika "9:20" na kamera ya mlangoni inaonyesha 15:20, wakili atauliza ulikuwa unasimamia ziara ya asubuhi ipi. Kituo kichague mfumo mmoja na kiutumie kwenye kila karatasi. Mimi nashauri ule wa simu na kamera, na nukuu za watu ziachwe kama walivyosema.

Kiwakilishi. "Alimwambia amwambie kwamba hamchukii." Nani, kwa nani, kuhusu nani? Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi, na "a-" moja inabeba familia nzima. Rudia majina kila sentensi hata kama inachosha: "Baba alimwambia Mtoto amwambie Mama kwamba Baba hamchukii Mama." Mbaya kusikiliza, salama kusoma.

Majina ya kuitana. Baba anamwita binti yake "mama", mama anamwita mwanawe "baba", na mwenzi mpya wa mzazi huenda akaitwa "anko" au "baba mdogo". Ukiandika "Baba alisema: njoo mama ukae hapa", asiyekuwepo ataelewa kwamba mama mzazi alikuwa chumbani, na hapo kuna amri imevunjwa. Nukuu neno kama lilivyo, kisha eleza: "akimwita Mtoto".

Jambo la mwisho kwenye karatasi: usipendekeze. Nani apewe malezi, ziara ziongezwe au zipunguzwe, hayo si yako. Ukiulizwa na mzazi "umeona tunavyopatana, utaandika vizuri?", jibu ni: "Naandika kinachotokea. Nakala inaombwa kupitia ofisi." Usimpe mtu karatasi yako aisome chumbani.

---

Kiti cha Pembeni

Kuhusu mahali pa kukaa: mita 2 hadi 3 kutoka walipo, kwa pembe, ili kwa mtazamo mmoja uone mikono ya mzazi na uso wa mtoto. Ukikaa nyuma ya mzazi huoni mikono. Ukikaa mbele yao umekuwa mtahini. Kiti kiwe kifupi, usiwe juu ya vichwa vyao. Uwe karibu na mlango kuliko wao, bila kuuziba. Wakihamia sakafuni, nawe shuka. Ukisikia sauti lakini hushiki maneno, uko mbali mno.

Chumba chenyewe: ondoa hema na nyumba za kitambaa ambazo mtoto anaingia akafichika na mtu mzima. Ondoa bunduki za kuchezea. Kwa walio chini ya miaka 3, kitu chochote kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya chooni kisiwemo, kinaweza kumkaba. Hesabu vipande vya picha za kuunganisha kabla ya ziara. Picha yenye vipande 24 iliyokosa kimoja inamaliza ziara kwa mtoto kununa na mzazi kutafuta chini ya makochi. Weka shughuli 4 tu mezani, zinazoisha ndani ya dakika 20 kila moja. Chumba kilichojaa vitu humfanya mtoto aruke huku na kule na mzazi abaki amesimama katikati.

Wazazi wengine wamekaa miezi bila kumwona mtoto, na wamesahau kucheza. Msaidie kwa sentensi moja, "Juma anapenda kuhesabu magari", kisha urudi nyuma. Mtoto akija kwako kila mara na mchoro wake, usiwe mchezaji wa tatu: "Muonyeshe Mama." Ziara ni yao.

Kuingilia huwa kwa ngazi. Ya kwanza ni sentensi nyepesi inayogeuza mazungumzo: "Baba Neema, hilo ni la watu wazima. Neema alikuwa anakuonyesha mnara." Ya pili unasogea, unamkumbusha kwa sauti ya chini kanuni aliyosaini. Ya tatu ni mapumziko ya dakika 5: mtoto anatoka na mfanyakazi wa pili, wewe unazungumza na mzazi. Ya nne ni kumaliza ziara. Kwa vitisho, kumpiga au kumfinya mtoto, kujaribu kutoka naye, au kilevi, unakwenda ya nne moja kwa moja. Na wazazi wote wawili uwaite kwa namna moja, "Baba Neema", "Mama Neema". Ukimwita mmoja "dada" na mwingine "mzee" tayari umechagua upande masikioni mwao.

Maneno ya kuwa macho nayo mara nyingi ni ya upole sana. "Kitanda chako bado kipo palepale." "Karibuni tu utarudi nyumbani." "Ungependa kuishi na nani?" "Mwambie mama anipigie." Hayana matusi, lakini la kwanza na la pili yanampa mtoto ahadi ambayo mzazi hana uwezo wa kuitimiza, la tatu linamtaka achague, na la nne linamfanya tarishi. Ingilia kwa ngazi ya kwanza palepale.

Kunong'ona: watoto wadogo hunong'ona kwa mchezo, usimkemee mtoto. Ongea na mzazi: "Naomba urudie kwa sauti ili nami nisikie." Akikataa, hilo linaandikwa.

Kumaliza: tahadhari ya dakika 15, kisha ya dakika 5. Kwa mtoto wa miaka 3 au 4 "dakika 5" haina maana, mwambie: "Mchoro huu mmoja, halafu tunapanga vitu." Kupanga vitu pamoja kunasaidia kuliko kukumbatiana kwa muda mrefu, kwa sababu mikono ina kazi na mwisho unaonekana ukija. Mzazi aage akiwa chumbani, asifuate hadi mlangoni.

---

Nuru_K

Asanteni sana, hasa hilo la "a-" na la saa, nisingeliwaza. Naomba niongeze maswali 2. Je, mzazi na mtoto wakizungumza lugha ambayo siijui? Na mtoto akiniambia jambo zito tukiwa njiani kwenda chooni, peke yetu? Bado pia nasubiri la mtoto anayekataa.

---

Zamu ya Jioni

Lugha: ziara ambayo huelewi kinachosemwa haijasimamiwa, imetazamwa tu. Linatatuliwa siku ya usajili. Ama apatikane msimamizi anayeijua lugha hiyo, ama mkalimani asiye ndugu wa upande wowote, ama wakubaliane lugha mnayoelewana nyote. Kumkataza mtoto lugha ya mama yake katikati ya ziara ni ukatili mdogo, hasa kama ndiyo lugha pekee anayoongea na mzazi huyo. Kwa hiyo uliza mapema.

Chooni: mtoto mdogo anapelekwa na mfanyakazi, si na mzazi wa ziara, isipokuwa utaratibu wa familia hiyo umesema vingine kwa maandishi. Mlango wa nje uachwe wazi kidogo, mwenzako ajue mmekwenda. Nepi ibadilishwe mahali unapopaona. Kama kuna tuhuma za unyanyasaji wa kingono, mzazi wa ziara habadilishi nepi, hamkalishi mtoto mapajani, hamtekenyi, na mguso unaanzishwa na mtoto tu. Tena ziara za aina hiyo zisianze kabla wataalamu waliomwona mtoto hawajasema zianze.

Mtoto akisema jambo zito: simama, msikilize mpaka amalize, uso wako usibadilike sana. Usiahidi siri. Sema: "Umefanya vizuri kuniambia. Nitamwambia mtu ambaye kazi yake ni kusaidia watoto." Kama lazima uulize, uliza swali wazi moja tu, "Niambie ilikuwaje." Usimtajie jina la mtu, wala mahali, wala "alikushika wapi?" Maswali ya namna hiyo yanaweza kuharibu ushahidi ambao wenye ujuzi wangeupata baadaye, na anayeumia ni mtoto. Andika maneno yake hasa, pamoja na neno lake la kitoto la sehemu ya mwili, na andika pia ulichomuuliza wewe. Mpelekee anayehusika na ulinzi wa mtoto kituoni siku hiyohiyo, kabla hujaenda nyumbani. Mzazi anayetajwa asidokezwe. Mzazi mwingine pia usimwambie mpaka umeelekezwa. Kama anayetajwa ni yule aliyekaa chumbani, mtoto harudi chumbani.

---

Bawabu wa Ndani

La mtoto anayekataa, maana ndilo linaloumiza wafanyakazi wapya.

Kazi kubwa hufanywa kabla. Mtoto aje kituoni siku moja kabla ya ziara ya kwanza, dakika 20 hadi 30, bila mzazi wa ziara. Muonyeshe choo, mlango wa kutokea, kiti utakachokalia wewe, na mkubaliane ishara ya "nataka kupumzika". Kadi ya rangi mfukoni, au mto mdogo anaouweka mapajani mwako, inatosha. Mtoto aliyejua kwamba anaweza kutoka mara nyingi hakai mlangoni kubishana.

Siku yenyewe akikataa: usimvute, usimbebe, usimhonge kwa zawadi, na usimuulize "kwa nini hutaki kumwona baba?" Hilo ni swali la mahakama. Mpe vitu vidogo vya kuchagua: "Mlango ubaki wazi au ufungwe? Ukae karibu nami au mezani?" Mwache mlangoni na kitu cha kuchezea. Mzazi wa ziara aombwe aketi, aanze kuchora au kujenga kitu bila kumwita mtoto kila mara. Mzazi anayenyoosha mikono na kulia "hunipendi?" anamfunga mtoto zaidi, mwelekeze kwa upole, hajui. Angalia pia alipo mzazi mlezi. Kama bado amesimama koridoni mtoto anamwona, mwombe aondoke kwa maneno mepesi.

Toa dakika 15 hadi 20. Akikubali dakika 10 tu za ziara, hizo ndizo ziara ya leo. Akikataa kabisa, mrudishe kwa mzazi mlezi bila kumlaumu, na mwambie mzazi wa ziara ana kwa ana, si kwa ujumbe. Andika kila hatua: nani alisema nini mlangoni, mtoto alishika nini, alitazama wapi, ulijaribu nini. Usiandike kwamba amelishwa maneno wala kwamba ana hofu ya kweli. Huwezi kujua ukiwa koridoni. Anayetoa amri ndiye anayehitaji picha kamili.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 9, unaipa nguvu kazi yako: haki ya kuonana mara kwa mara na mzazi waliyetenganishwa ni ya mtoto, na ina kikomo pale inapopingana na masilahi yake. Ibara ya 12 inampa haki ya kusikilizwa. Ukisimama pale mlangoni ukumbuke zote mbili.

---

Karani wa Faili

Nina nyongeza moja inayosahaulika kwenye mafunzo mengi. Kuna familia ambazo anwani ya mtoto ni siri kwa amri. Hizo zinavuja kupitia mtoto mwenyewe. Mtoto asiletwe na sare ya shule, beji yake ni ramani. Daftari la shule lenye mhuri lisiingie chumbani. "Siku hizi unasoma wapi?" ni swali la kawaida kwa mzazi yeyote, na kwenye faili hizo ni la kuingiliwa ngazi ya kwanza: "Tuzungumzie unachopenda kujifunza."

Zawadi zifunguliwe mbele yako. Mwanasesere mpya bonyeza tumbo, angalia mshono na sehemu ya betri, maana vifaa vya kufuatilia mahali alipo mtu vimekuwa vidogo sana. Simu au saa janja ya zawadi isiondoke na mtoto bila kibali cha maandishi. Picha zipigwe pale tu amri inaporuhusu, na hakikisha dirisha halimo kwenye fremu.

Na mtoto akichora nyumba yao, na duka la kona, na namba ya mlango, usimnyang'anye. Mwache amalize, msifu, kisha mchoro uwekwe kwenye faili yake na mzazi wa ziara achorewe mwingine. Andika saa uliyouchukua na uliyemweleza sababu.